Heir to the Empire: riwaya ya Star Wars inayobebwa na watu ambao filamu hazikutuonyesha

Mwisho_wa_Reli (mleta mada), Kigoma

Wakuu salaam, na dada zetu pia.

Nyuzi za vitabu humu ndani nyingi zinaishia kwenye vitabu vya kutafuta utajiri na riwaya za upelelezi za zamani. Leo naleta riwaya ya kisayansi, tena ile aina inayodharauliwa kuliko zote: iliyoandikwa juu ya mgongo wa filamu. Kama umewahi kuona Star Wars hata moja, karibu. Kama hujawahi kuona hata moja, sogea mbele kabisa, maana ninachotaka kusema kinakuhusu wewe kuliko hao wanaozijua zote kichwani.

Kitabu ni Heir to the Empire cha Timothy Zahn, kilitoka 1991. Nimekipata kwenye boksi la vitabu vya mtumba sokoni Mwanga, kimebanwa kati ya kitabu cha mapishi na kamusi ya Kijerumani. Kona ya jalada imeliwa na panya ila kurasa zote zimo.

Kisa kwa ufupi. Miaka mitano imepita tangu filamu ya Return of the Jedi iishe. Mfalme wa Dola kafa, Darth Vader aliyekuwa mkono wake wa kutisha kafa, waliokuwa waasi sasa ndio serikali, wanaitwa Jamhuri Mpya, na kama ilivyo ada wameshaanza kugombea viti. Leia, mmoja wa viongozi wao, ana mimba ya mapacha na bado kila wiki anatumwa kusuluhisha mgogoro wa watu. Mumewe, Han Solo, anazunguka kuwabembeleza wenzake wa zamani wa magendo wakubali kubeba mizigo ya serikali, nao wanaona ni mtego. Luke, kaka pacha wa Leia, kabaki Jedi, yaani shujaa mwenye ule uwezo wa ajabu unaoitwa Nguvu, bila mwalimu wa kumuuliza lolote. Hapo anaibuka kamanda wa Dola aliyekuwa ametumwa mbali huko kusikojulikana, Admirali Mkuu Thrawn, ngozi ya bluu, macho mekundu, sauti ya upole, anaanza kukusanya mabaki.

Hayo utayasoma nyuma ya jalada. Utamu wenyewe ni huu: wahusika ni wengi kupita kiasi, na bado hakuna aliyewekwa kujaza nafasi. Ukiacha wale wa filamu kuna Thrawn mwenyewe, kuna nahodha wake Pellaeon, kuna mkuu wa magendo Talon Karrde, kuna msaidizi wake Mara Jade, na kuna mzee mmoja asiye na akili timamu, Joruus C'baoth. Watano hawa Zahn kawaumba mwenyewe, na ndio wanaoendesha kitabu kuanzia mwanzo.

Fikirieni. Humu kitabuni Luke, Leia na Han hawafi. Unajua, mimi najua, mwenye filamu wakati ule asingekubali wafe. Risasi zikianza kurindima unaendelea kunywa chai yako. Hawa wageni hawana bima. Mara anaweza kufa ukurasa ujao, Karrde anaweza kumuuza yeyote kabla ya jua kuzama, Pellaeon anaweza kukosea neno moja mbele ya bosi wake. Halafu kila mmoja ana lake moyoni. C'baoth anawataka mapacha wa Leia kabla hata hawajazaliwa, awalee awe na watoto wa kuwatawala. Mara anataka kumuua Luke kwa mkono wake. Karrde anataka biashara iende na vita vimpite pembeni. Wakutanishe hao na lazima mtu aumie, mwandishi hahitaji hata kuleta jitu la kutisha.

Kitu kimoja cha sura ya kwanza ili muone mkono wa huyu jamaa. Pellaeon anaingia kwenye chumba cha Thrawn kuripoti kwamba maadui wamewafuata. Chumba kina giza, kimejaa picha na sanamu za mwanga tupu. Thrawn amekaa katikati anatazama sanaa ya Waelomin, kabila la watu ambao mmoja wao ndiye anayeongoza meli za adui. Anauliza maswali mawili matatu, anatoa amri ya shambulio la ovyo ovyo ambalo afisa yeyote mwenye akili angelikataa, na adui anavurugika. Ameona kwenye michoro yao kwamba akili zao haziwezi kuvumilia vurugu. Basi. Hakuna aliyekabwa koo, hakuna aliyepiga kelele. Kuanzia hapo unamwogopa.

Nani mwingine amekisoma? Nisije nikawa peke yangu.

Kibirizi_Mwaloni, Kigoma

Hauko peke yako mkuu. Nimekisoma kwenye simu, usiku wa mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliwi na vijana wote wamelala.

Umempita Karrde haraka sana. Sisi tunaoshinda mwaloni Karrde tunamjua. Si lazima mtu huyo abebe magendo. Ni yule anayejua boti gani imetoka Uvira saa ngapi, nani ana deni Bujumbura, nani amebadilisha injini na hela kaitoa wapi. Hashiki bunduki. Anakaa kwenye benchi anakunywa kahawa, na polisi na wafanyabiashara wote wanampigia simu yeye. Zahn kamchora hivyo hivyo. Karrde bidhaa yake kubwa ni habari.

Angalia ile sehemu ya sayari ya Myrkr. Karrde amemfungia Luke kwenye banda. Wakati huohuo wanatua Han na rafiki yake mfanyabiashara, Lando, wamekuja kuzungumza biashara, hawajui kwamba rafiki yao yuko hatua chache tu kutoka hapo. Na Thrawn naye yuko karibu na meli yake. Karrde anaketi mezani na wageni, anawalisha, anacheka nao, huku kichwani anapiga hesabu: nimkabidhi nani kwa nani? Anachogoma kufanya ni kuwatoa wageni waliokwisha kula kwake. Ukarimu kwake ni sheria, hata kama ni mtu wa magendo. Nilisoma mara mbili pale mezani. Hakuna risasi hata moja.

Bibie_Katonga, Kigoma

Nimekaa mbele kabisa kama ulivyosema, maana filamu sijawahi kuona hata moja. Naomba kueleweshwa: hiyo Nguvu yao ni uchawi au ni sayansi? Na nikianza na hiki kitabu nitaelewa au nitapotea?

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

Dada Bibie, utaelewa vizuri tu. Nguvu ni uwezo wa wachache wa kuhisi na kusogeza vitu kwa akili. Jedi ndio waliofundishwa kuutumia. Wewe ichukue kama ilivyo, usiihoji.

Lakini tazama alichokifanya Zahn, na hapa ndipo shahada yake ya fizikia inapoonekana. Uwezo kama ule ukiuacha huru unaua hadithi, kila shida Luke anaitatua kwa kunyoosha mkono. Yeye kaleta mnyama. Anaitwa ysalamiri, yuko kama mjusi mnene, anaishi kang'ang'ania mti, makucha yake yameingia ndani ya gogo kabisa, ukimtoa vibaya anakufa. Mnyama huyu anasukuma Nguvu mbali na alipo, na wakiwa wengi msitu mzima unakuwa hauna Nguvu kabisa. Thrawn anawachukua, anawawekea fremu za mabomba ya kuwalisha, anatembea na mmoja mgongoni ili C'baoth asimguse akili. Luke akiangukia kwenye msitu huo ni kijana wa kawaida mwenye kiu.

Kwa hiyo wewe usiyejua chochote unaanza sawa na wajuzi. Msitu ule hata wao hawaujui.

Mzee_wa_Stesheni, Tabora

Vijana mnanishangaza. Nimesoma vitabu tangu enzi zile maktaba ya shule inafungwa kwa kufuli na ufunguo anakaa nao mwalimu mkuu. Hivi vya filamu ni makapi. Kampuni inamwita mtu, inamlipa, inamwambia usimuue huyu, usimwoze yule, andika kurasa mia tatu lete. Mwandishi mwenye hadithi yake kichwani hawezi kukubali kufungwa kamba namna hiyo.

Kibirizi_Mwaloni

Shikamoo mzee. Tunasikiliza.

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Kulipwa kalipwa, wala sibishi. Na kamba zilikuwepo, kila kitu kilipita kwa wenye Star Wars. Mpaka vitabu vya mwongozo vya ule mchezo wa mezani wa Star Wars, ambamo wachezaji wanajifanya wahusika, wa kampuni ya West End Games, alitumiwa, akaambiwa avifuate ili majina ya meli na sayari yasigongane.

Ila huyu hakuwa mtu wa kuokotwa. Mwaka 1984 alishachukua Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi, kwa hadithi yake mwenyewe isiyohusu filamu. Na makapi unayoyasema tuyapime. Mwaka 1978 ilitoka riwaya nyingine ya Star Wars, Splinter of the Mind's Eye ya Alan Dean Foster. Ile iliandikwa kwa hesabu za kubana matumizi: kama filamu ya kwanza haitauza, kitabu kigeuzwe filamu ya bei rahisi. Kwa hiyo Han Solo hayumo, vita vikubwa vya angani hamna, sayari imefunikwa ukungu mwanzo mwisho, na ukungu mzee wangu hauhitaji fundi wa kujenga mandhari. Wahusika ukiwahesabu kwa vidole vinabaki. Nimeisoma, ni nzuri kwa kiasi chake, lakini unaihisi imebanwa na pochi.

Mwaka 1991 hakuna aliyekuwa anasubiri kupiga filamu. Zahn ana karatasi na wino tu, na kwenye karatasi meli mia mbili na chumba chenye watu wawili gharama ni ileile. Ndiyo maana akajaza watu. Alichokatazwa ni kidogo kuliko alichoruhusiwa.

Mzee_wa_Stesheni

Marahaba. Hilo la pochi sikulijua. Endeleeni, nasoma.

Njia_Panda_Tabora

Mimi niseme ukweli wangu, hicho kitabu kilinishinda mara ya kwanza. Majina, jamani. Borsk Fey'lya, Khabarakh, Nkllon, Sluis Van, C'baoth na kile kimstari chake katikati. Nilifika sura ya tano sijui nani ni mtu, nani ni sayari na nani ni meli. Kiingereza chenyewe nakisoma kwa kuchechemea. Mnafanyaje?

Binti_wa_Ujiji

Kaka, chukua daftari. Mimi niligawa ukurasa sehemu tatu: watu, mahali, vyombo. Kila jina jipya naandika na neno moja tu la kunikumbusha. "Pellaeon: nahodha, mvi, mwaminifu." "Nkllon: sayari, joto la kuyeyusha, mgodi wa Lando." Halafu nikagundua Zahn mwenyewe anakubeba: kila akibadilisha mahali, mstari wa kwanza au wa pili anakutajia jina la mtu na kazi aliyoishika mkononi. Ukishaona Lando unajua hapa ni mambo ya fedha na mitambo. Ukiona Leia, hapa ni maneno na hatari ya kutekwa. Usisome kwa kutafuta nyota na sayari, fuata mtu.

Na huo mgodi wa Nkllon usiuruke. Sayari iko karibu mno na jua lake, upande wa mchana hata chuma hakivumilii. Lando kajenga mji mzima juu ya miguu ya mashine za kivita, unatembea usiku na mchana kukimbia jua, unabaki upande wa giza huku unachimba. Ukisimama umeungua. Mji kama huo mwingine angeuandikia kitabu chake peke yake, Zahn kauweka kwa sura chache kisha akaupitisha Thrawn kuja kuiba mashine za kuchimbia. Mashine zenyewe zinakuja kufanya kazi gani, soma mwenyewe sura za mwisho.

Njia_Panda_Tabora

Ahsante dada. Daftari nimelipata, narudi upya leo.

Binti_wa_Ujiji

Na hamjamgusa Mara Jade, nashangaa. Au kwa kuwa ni mwanamke?

Huyu alikuwa mtu wa siri wa Mfalme. Hana cheo kinachojulikana, jeshi halimjui, akitumwa anakwenda anamaliza kazi anarudi. Siku Mfalme alipokufa kila kitu chake kilikwisha, hadi kitanda. Miaka mitano anahangaika kutoka kazi moja hadi nyingine, kazi za kuchafua mikono, mpaka Karrde akamchukua na hakumuuliza maswali. Leo ni mtu wa pili kwake. Halafu unamletea mbele yake Luke Skywalker, ambaye kichwani mwake ndiye aliyemharibia maisha.

Wanaanguka wote wawili kwenye ule msitu usio na Nguvu. Anayo bastola, Luke hana kitu, anaweza kumpiga risasi hapohapo. Lakini kuna siku kadhaa za kutembea, kuna wanyama wanaowinda usiku, na upanga wa mwanga unaokata miti Luke ndiye aliyezoea kuutumia. Kwa hiyo anampeleka mbele kama mfungwa na wakati huohuo anamtegemea. Ukiwasikiliza wanavyoongea njiani, majibu mafupi, kila mtu anaficha usingizi wake asionekane kachoka. Nimeona waandishi wengi wakimleta mwanamke mwenye hasira halafu ndani ya kurasa kumi hasira imeyeyuka kwa sababu kijana kafanya jambo jema. Zahn hakufanya hivyo. Hasira ya Mara inabaki na sababu zake zinabaki, anachobadilisha ni ratiba tu: si leo.

Gungu_Juu

Na mwisho wake si ndio wanakuja kuo

Binti_wa_Ujiji

Ole wako umalize hiyo sentensi.

Gungu_Juu

Nimekaa kimya dada.

Kaunta_Namba_Tatu, Kigoma

Mimi nafanya kazi ofisini, kwa hiyo kilichonigusa ni jambo la bosi. Humu mnamsifia Thrawn kama vile ni kiongozi wa mfano. Mmesahau yule kijana wa mwale wa kuvuta?

Kwa wasiosoma: Luke anawatoroka Dola kwa ujanja fulani. Thrawn anashuka mwenyewe kwa kijana aliyekuwa kwenye mtambo wa huo mwale, unaonasa meli za adui kwa mbali, anamuuliza kwa upole kabisa: ulifundishwa nini? Nani alikufundisha? Kijana anajitetea, analaumu mafunzo. Thrawn anamwita mlinzi wake Rukh, na kijana anauawa palepale mbele ya wenzake. Sauti haikupanda hata kidogo. Bosi wa kupiga kelele unamzoea. Huyo wa kuuliza kwa upole ndiye nisingelala.

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

Umegusa penyewe. Na ndiyo maana ninasema bila Pellaeon kitabu kisingesimama. Zahn hatuingizi kichwani mwa Thrawn hata mara moja. Tunamwona kwa macho ya Pellaeon, mwanajeshi wa siku nyingi, mtu wa kawaida mwenye heshima zake, aliyeona Dola ikianguka na anatamani mtu wa kuinyanyua. Kijana akifa, Pellaeon anameza mate. Anajiambia afadhali huyu kuliko Vader, Vader angeua kwa hasira tu. Na wewe msomaji unajikuta unatikisa kichwa pamoja naye, ndio, afadhali. Halafu unashtuka umekubali nini.

Kuna mwenzake na kijana huyo kwenye kitabu cha tatu, The Last Command cha 1993. Mtambo uleule, kosa lilelile la kuponyokwa na adui. Ila kijana wa pili alijaribu kubuni njia ya kuzuia, ikashindikana. Wote waliopo wanangoja Rukh aitwe. Thrawn anampandisha cheo, anamwambia endelea kuitafuta hiyo njia. Zahn alisubiri vitabu viwili vizima ndipo atuletee jibu la swali lile.

Kaunta_Namba_Tatu

Sawa, lakini yule wa kwanza bado kafa. Kosa lake lilikuwa kutojua jibu la mtihani ambao hakuambiwa kwamba ni mtihani.

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

Hapo sina la kukujibu, na sidhani Zahn alitaka tuwe nalo.

Gungu_Juu

Swali la kiufundi sasa. Hivi vitabu si vilifutwa? Aprili 2014, baada ya Disney kuinunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, walitangaza vyote vya zamani viitwe Legends, havihesabiki tena. Kwa nini nipoteze muda kusoma mambo ambayo hayakutokea?

Kibirizi_Mwaloni

Kaka, na hayo yaliyohesabika yalitokea wapi? Kasulu?

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

😂😂 Kibirizi acha ukatili.

Gungu, ni kweli walitangaza. Lakini fuatilia kilichofuata. Mwaka 2016 Thrawn huyohuyo wakamwingiza kwenye katuni ya Star Wars Rebels, 2017 wakamrudisha Zahn mwenyewe kuandika riwaya mpya juu yake, na 2023 akaonekana kwa sura ya mtu halisi kwenye tamthilia ya Ahsoka. Na jina Coruscant, ule mji mkuu uliojaza sayari nzima unaouona kwenye filamu za kuanzia 1999, limetoka kwenye kitabu hiki chenye jalada lililoliwa na panya. Filamu ndizo zilikuja kuazima kwa kitabu.

Ndugu zao wa Star Trek nao ni hivyohivyo. Sulu, rubani wa meli yao, alikaa bila jina la kwanza kwa miaka mingi. Aliyempa jina Hikaru ni mwandishi wa riwaya, Vonda McIntyre, mwaka 1981, na filamu ikalitamka muongo mzima baadaye, 1991.

Mzee_wa_Stesheni

Hilo la Coruscant ni kubwa. Makapi nimeyaondoa, nitatafuta neno lingine.

Njia_Panda_Tabora

Narudi na daftari langu. Nimefika Kashyyyk, sayari ya kwao Chewbacca, yule rafiki wa Han mwenye manyoya, miji juu ya miti. Nakisoma nikiwasimulia wadogo zangu jioni kwa Kiswahili, maana mara nyingi umeme haupo na simu nawanyima. Jana tulifika pale Leia anapovamiwa usiku. Wavamizi ni Wanoghri, wafupi, rangi ya kijivu, hatua zao hazisikiki. Mmoja anamshika mkono Leia, anaunusa, anaganda. Anaacha kupigana. Wameshamkamata, wanamuuliza kwa nini, na anamwita kwa cheo cha heshima: amenusa kwamba ni mtoto wa Vader. Kumbe kabila zima linamtumikia Thrawn kwa sababu Vader aliwahi kuwaokoa na wanaamini wana deni kwake.

Mdogo wangu wa darasa la tano akaniuliza, "Sasa Leia anamchukia baba yake au ataitumia hiyo heshima?" Nikamwambia tulale, kwa sababu kusema kweli sijafika huko. Akagoma kulala. Wa kike akasema yule Mnoghri ndiye mhusika mzuri kuliko wote na kama akifa hasikilizi tena. Luke hawamuulizii kabisa.

Binti_wa_Ujiji

Wape pole wadogo zako, jibu liko kitabu cha pili. Huyo wa kike ana jicho.

Bibie_Katonga

Nimeanza jana, niko sura ya nne, na nina lalamiko. C'baoth ananichosha. Kila akitokea ni hotuba, kila mtu lazima apige magoti. Wengine wote nawaona wamesimama, huyu naona ni ndevu tu.

Kibirizi_Mwaloni

Nakuunga mkono dada. Thrawn anamhitaji kwa sababu ya uwezo wa kuunganisha akili za wapiganaji, sawa, lakini mtu mwenye akili kama Thrawn kumwalika mtu wa aina ile mezani? Hapo Zahn alihitaji mtambo wa kusukuma kisa, akauvalisha kanzu.

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

Mimi naona tofauti kidogo. C'baoth ndiye peke yake ambaye Thrawn hawezi kumsoma kwa kutazama michoro ya kabila lake. Ila kwamba hotuba zake ni ndefu, hilo nakubali mia kwa mia. Nyingine nimeziruka.

Gungu_Juu

Vitabu vya pili na vya tatu unavyo mkuu? Au ndio mpaka Dar?

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

Dark Force Rising ya 1992 ninayo, ya tatu nimeazima na nimesharudisha. Ya kwanza nimemwahidi Mzee_wa_Stesheni, inapanda treni kwenda Tabora na binamu yangu wiki ijayo. Mzee, ukimaliza mpe Njia_Panda, mko mji mmoja. Ya pili itabaki hapa Kigoma, aliyeomba kwanza ni Binti wa Ujiji.

Gungu_Juu

Mimi niko jirani yako nyumba ya tatu na kitabu kinapelekwa Ujiji?

Binti_wa_Ujiji

Ulikuwa unataka kusema mwisho wa Mara na Luke. Utasubiri.

Kaunta_Namba_Tatu

Kabla hamjaanza kugombana, nijibuni hili. Fey'lya, yule mjumbe wa baraza mwenye manyoya yanayosimama akihisi jambo. Mwishoni mwa kitabu Ackbar, admirali wa majeshi ya Jamhuri Mpya, anakamatwa kwa tuhuma za usaliti, na Fey'lya ndiye aliyemkamia kiti chake muda wote. Je, Fey'lya yuko na Dola au ni tamaa tu?

Mzee_wa_Stesheni

Sijakisoma bado, lakini kwa maelezo yenu tu naweza kukujibu. Huyo hana haja ya kuwa na Dola. Nimekaa kwenye vikao vya ushirika miaka mingi, kijana. Mtu anayetaka kiti hahitaji adui amtume.

Kaunta_Namba_Tatu

Mzee, umepatia, na kitabu hata treni hakijapanda.

Bibie_Katonga

Jamani mmeniharibia Ackbar! Niko sura ya nne!

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

Samahani dada Bibie. Kuanzia sasa, anayetaja sura za mwisho aweke onyo juu kabisa. Na wewe ukifika pale Karrde anapowakaribisha Han na Lando mezani, rudi useme ulimwamini au hukumwamini.